Ada ya darasa la uchapaji inawaweka watoto wa Lamu barazani

Mhariri,

Mliripoti wiki iliyopita kwamba mafunzo ya sanaa na uchapaji wa michoro, yaani kuchonga mchoro ubaoni na kuuchapa kwenye karatasi, hapa Lamu yako wazi kwa kila mtu. Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika, lakini hilo limenishinda kulinyamazia, kwa kuwa ripoti yenu haikutaja ada popote.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka 11 kwenye darasa moja la aina hiyo huko Shela. Ada ilikuwa shilingi 4,000 kwa siku mbili. Niliomba nitoe 500 na kumalizia mwisho wa mwezi, tukaambiwa tungoje barazani, tukangoja tangu adhuhuri hata ikaadhiniwa alasiri, na hakuna aliyetoka kutupa jibu. Kupitia dirishani mtoto aliwatazama watu wazima wakichonga waridi, na waridi lile nililitambua mara moja, kwa sababu limenakiliwa kutoka kwenye mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa mbambakofi ulioko mtaani kwetu Langoni, mlango nilioukarabati kwa mikono yangu. Sichukii wageni kujifunza nakshi yetu. Kinachoniuma ni kwamba mtoto anayepita mlangoni pale kila asubuhi akienda chuo cha Kurani ndiye aliyebaki nje.

Nyumbani nilimpa kipande cha plaiwudi na bobari ndogo, patasi yenye mdomo wa mviringo. Alichonga samaki, tukachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya nazi, tukapaka ubao kwa kitambaa, tukalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua, samaki alikuwa amegeukia upande wa pili, na papo hapo akaniambia kuwa jina lake itabidi alichonge kinyume ndipo lisomeke. Najua wino wenyewe, rola na karatasi nzito hugharimu fedha, lakini vifaa hivyo hutumiwa na wengi kwa muda mrefu, wala si lazima kila mtoto avinunue upya.

Shuleni nako hali ni hiyo hiyo. Mtaala mpya umeipa sanaa nafasi yake, jambo jema, ila manila, rangi na gundi hudaiwa mzazi, na asiyeleta hukaa akiwatazama wenzake.

Mji wetu wa Kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango ya nakshi ni sehemu ya sifa zake. Basi kila darasa linalofundisha kwa nakshi hizo litenge nafasi nne kwa watoto wa mitaa yetu, kila Alhamisi baada ya alasiri, kwa shilingi 50, na vifaa vibaki darasani. Mbao nitatoa mimi. Nina gunia zima la mabaki ya plaiwudi karakanani, nimeshayapiga randa, na ninachongoja ni kuambiwa niyapeleke nyumba gani.

Fundi wa nakshi,
Langoni, Lamu