DNA peke yake haitoshi, gamba bado lina kazi

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo ofisini. Naandika kuhusu ile makala yenu ya sayansi iliyosema siku hizi viumbe vinapangwa kwenye makundi ya koo zao kwa DNA tu na kwamba kukaa kwenye hadubini kutazama maumbo ni mambo yaliyopitwa na wakati. Sikubaliani kabisa. Mi kazi yangu ni kuchambua foraminifera na hao peke yao wanatosha kuonyesha hio kauli si kweli.

Kwa asiyewajua, ni viumbe wa seli moja, karibu wote wa baharini, wengi wanajijengea gamba lenye vyumba na wengi hawafiki hata milimita moja. Wapo hai sasa hivi, Amphistegina kwa mfano utamkuta Zanzibar kwenye mchanga na majani ya baharini, na wapo waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita ambao tunawapata kwenye miamba kama visukuku. Sasa shida inaanzia hapo, kwa sababu wazima na visukuku lazima wakae kwenye mpango mmoja, huwezi kumpanga mjukuu kwa sheria moja na babu yake kwa sheria nyingine.

Kweli gamba liliwahi kuwapoteza watu. Mfaransa Alcide d'Orbigny mwaka 1826 ndiye aliyewapa jina la foraminifera lakini aliwaweka pamoja na pweza na ngisi, aliona vyumba vimejikunja akadhani ni ndugu wa nautilasi, yule ndugu wa pweza mwenye gamba la vyumba lililojikunja. Mwaka 1835 Félix Dujardin akawatazama walio hai akakuta humo hamna pweza, ni ute tu wa seli moja unaotoa nyuzi. Lakini angalieni, kosa hilo lilirekebishwa kwa hadubini hiyohiyo.

Baadae watu wakaegemea zaidi ukuta wa gamba umejengwa na nini, kama ni chembe za mchanga zilizogandishwa, au chokaa nyeupe kama kauri, au chokaa angavu kama kioo. Mpango mkubwa wa namna hiyo ni wa Alfred Loeblich na mkewe Helen Tappan, wa 1964 na tena 1988, na mpaka leo vitabu vyao viko mezani kwa kila anayefanya kazi hii. DNA ilipokuja ikavunja sehemu ya mpango huo, wale wa gamba la mchanga kumbe si ukoo mmoja, wametawanyika. Ikamleta hata Reticulomyxa, anaishi maji baridi na hana gamba kabisa, nani angemjua bila vinasaba? Hapo DNA naipa haki yake yote.

Ila mwaka 2013 watafiti Pawlowski, Holzmann na Tyszka walipotoa mpango mpya waligawa wenye vyumba vingi makundi makubwa mawili, Tubothalamea ambao vyumba vyao, hasa vya mwanzo, ni kama bomba, na Globothalamea wenye vyumba vya mviringo. Yaani DNA imewarudisha kwenye umbo la chumba, kitu unachokiona kwa macho kwenye hadubini! Na Orbulina universa, kile kijitufe tulichodhani ni spishi moja, vinasaba vikasema ni zaidi ya moja, watu wakarudi kwenye magamba wakakuta matundu ya ukutani nayo yanatofautiana.

Halafu njooni Kilwa na Lindi. Mwaka 1962 watafiti Blow na Banner walitaja foraminifera wapya kutoka udongo wa Lindi, mmoja wao ni tapuriensis, ambaye baadae alihamishwa kutoka jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Globigerina kwenda ya Dentoglobigerina kwa kuchunguza gamba lake. Miaka ya 2000 ukaja mradi wa Tanzania Drilling Project ukachoronga Kilwa na Lindi, na foraminifera waliotoka pale wanajulikana dunia nzima kwa sababu ule udongo wa mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, magamba yamebaki angavu kama kioo wakati ya bahari kuu mengi yamekuwa meupe yenye ukungu. Unaloweka udongo, unauosha kwenye chekeche laini sana, unakausha, unamwaga kwenye trei nyeusi na unaokota mmoja mmoja kwa ncha ya brashi iliyolowa. Ukimpata Hantkenina huhitaji kuuliza, vyumba vyake vina miiba mirefu. Huyu alitoweka kama miaka milioni 34 iliyopita na kutoweka kwake ndiko kunakoweka mpaka wa Iosini na Oligosini, vipindi viwili vya kale vya historia ya dunia, mwamba uliochaguliwa rasmi kuuonyesha mpaka huo uko Massignano kule Italia na Kilwa unaonekana vizuri sana.

Sasa Hantkenina mtampima DNA gani? Vinasaba vya zamani zaidi vilivyowahi kusomwa havifiki hata miaka milioni 3. Gamba ndio ushahidi pekee aliotuachia, na mtu asiyejua kulisoma hawezi kumpanga popote.

Naomba mrekebishe ile sentensi, wapo wanafunzi wanaosoma gazeti lenu na wanachagua fani, msiwaambie hadubini imekufa. Na kama nafasi ipo tumeni mwandishi Kilwa, shuleni vijana wanachorewa Amiba na Paramisiamu tu wakati hawa wako chini ya mashamba ya kwao. Mkichapa picha ya Hantkenina iwe kubwa, miiba ionekane.

Msomaji wenu, Lindi