Yah: Malalamiko kuhusu kifuniko cha kichupa cha vijiti vya kupimia sukari

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baba yangu ana miaka 71 na anaishi na kisukari cha aina ya pili. Kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni hukaa ukingoni mwa kitanda, hujitoboa kidole, hugusisha tone la damu kwenye kijiti na kusubiri namba. Kwa muda wa wiki tatu mashine yenu ilimpa milimoli 7.6 za sukari kwa lita moja ya damu, mara 8.2, mara 7.9. Tukafurahi, na kwa namba hizo hakuna aliyefikiria kumwongezea insulini. Lakini usiku alikuwa akiamka mara nne kwenda haja ndogo, koo limemkauka, na mchana akilalamika kwamba anaona ukungu. Nikamwambia ni uzee. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipompeleka kliniki, maabara ilitoa 13.6. Muuguzi akachukua mashine yetu ileile na kijiti kutoka kwenye kichupa chetu: 8.2. Akafungua kichupa kipya, cha kwenu vilevile, akatoboa tena: 13.1. Mashine ni nzima, vijiti ndivyo vimeharibika. Kisha akakiinua kichupa chetu kwenye mwanga wa dirisha. Pale kifuniko kinapokunjikia pana ufa mwembamba kama unywele. Ukikibonyeza hakitoi ule mlio wa kujifunga, na ukikigusa kwa ukucha kinafunguka chenyewe.

Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu kwamba mgonjwa anawe mikono na aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Mikono ananawa kwa sabuni na kuikausha. Tena kidole chenye mabaki ya sukari hupandisha namba, hakiishushi, kwa hiyo jibu lenu halikugusa tatizo letu hata kidogo. Tarehe ya mwisho bado mwaka mzima. Kichupa kilikuwa na wiki tano tangu kifunguliwe, na karatasi yenu wenyewe inaruhusu miezi mitatu.

Nimelazimika kujifunza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Kwenye kijiti kuna kimeng'enya kilichokaushwa, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Tone la damu lisilofika hata mikrolita moja likinyonywa ndani, kimeng'enya huinyang'anya glukosi, yaani sukari ya damu, elektroni zake, na mashine hupima umeme unaotokea na kuugeuza kuwa namba, yote hayo katika sekunde chache. Sukari nyingi, umeme mwingi. Unyevu wa hewa ukiingia, kimeng'enya huchoka, umeme hupungua, na namba hushuka wakati sukari mwilini iko palepale. Ndiyo maana mmeweka ndani ya kichupa kitu cha kufyonza unyevu. Kifuniko kisipoziba, kinga hiyo ni kazi bure. Na mashine haikuonyesha alama yoyote ya kosa. Ilitoa namba yake kwa uhakika uleule wa siku zote.

Kwenye boksi mmeandika kwamba bidhaa hii inatimiza kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013, kiwango cha kimataifa cha usahihi wa mashine za kupimia sukari. Kiwango hicho kinataka, sukari inapofika 5.6 au zaidi, asilimia 95 ya majibu yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa 13.6 ya baba, mashine ingeweza kusoma popote kati ya 11.6 na 15.6. Haikupaswa kusoma 8.2.

Naomba mkague vifuniko vya toleo hili lote na muwajulishe walionunua, kwa sababu kuna wengine wanaofurahia namba nzuri asubuhi hii. Naomba pia yale maji ya majaribio, yenye sukari ya kiwango kinachojulikana, yawemo ndani ya kila boksi badala ya kuuzwa kando. Tungekuwa nayo, tungeyadondosha kwenye kijiti na kuligundua tatizo siku ileile ya kwanza. Na onyo la kufunga kichupa mara tu baada ya kutoa kijiti liandikwe kwenye kichupa chenyewe, kwa herufi ambazo mzee asiyeona vizuri anaweza kuzisoma. Sasa hivi limefichwa ukurasa wa 23.

Kichupa nimekihifadhi pamoja na vijiti 14 vilivyobaki, na namba ya toleo inasomeka. Nitakikabidhi kwa mtaalamu wenu mtakayemtuma, na nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja wenu