Barua kwa binti yangu: hujamsahau mama yako

Mwanangu mpendwa,

Habari za Kampala na za masomo? Sisi huku Tororo hatujambo. Shangazi yako anakusalimu, na mdogo wako amefunga shule salama. Ujumbe wako wa Jumapili niliupata, nikausoma, nikaurudia. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu nikiwa barabarani mtandao hukatika na nusu ya maneno hubaki mdomoni. Bora niandike.

Umeniambia kwamba kwenye kikao cha wanafunzi waliofiwa, aliyewaongoza aliwaambia mfumbe macho, kila mmoja aite sura ya marehemu wake, aitazame mpaka imjie karibu. Wenzako wakalia. Wewe ukaona giza, giza lilelile unaloliona kila siku ukifumba macho. Ulipomweleza, akakujibu kwamba moyo wako umejifunga, labda hukuwa karibu na mama yako. Mwanangu, mtu yule hakujua anachosema. Nalitanguliza hilo ili ulijue hata kama utaishia hapa kusoma.

Foleni ya mpakani Malaba wiki hii ilikuwa ndefu, malori yamepangana mpaka upande wa Kenya, kwa hiyo nilipata muda wa kusoma kwenye simu kuhusu hali hii yako. Ina jina, inaitwa afantasia. Si ugonjwa, na wala haikuanza na msiba. Ni namna ambavyo watu wengine huzaliwa: akili zao zinajua vitu, zinavikumbuka na kuvifikiria, ila hazivichori kichwani.

Mwaka 2010, Profesa Adam Zeman wa Uingereza na wenzake waliandika habari za mstaafu mmoja wa miaka 65. Mzee huyo alikuwa akiona picha kichwani vizuri tu, mpaka alipofanyiwa matibabu ya mishipa ya moyo, picha zikatoweka zote. Alipoulizwa maswali kuhusu sura na rangi za vitu alijibu sawasawa, ila hakuona chochote akilini alipokuwa akijibu. Habari zake zilipoenea, wakaanza kujitokeza watu waliosema kwamba wao hawajawahi kuona picha kama hizo tangu utotoni. Mwaka 2015 Zeman na wenzake wakaandika kuhusu watu 21 wa namna hiyo, na hapo ndipo jina la afantasia lilipotolewa.

Lakini jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1880 Mwingereza mwingine, Francis Galton, alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya chai ya asubuhi: je, wanaiona? Ina mwanga? Rangi zake zimekolea? Wapo waliosema wanaiona waziwazi kana kwamba wamekaa mbele yake. Na wapo wasomi wakubwa, watu wa sayansi, waliomshangaa kwa swali lenyewe. Maisha yao yote walidhani watu wakisema "naiona akilini" ni namna ya kusema tu. Ndivyo ulivyoniandikia na wewe, neno kwa neno karibu, na wale walikuwa watu waliosoma mpaka mwisho wa kusoma.

Mimi niko upande wa pili kabisa. Nikilala pale nyumbani nikafumba macho, naweza kuendesha lori kutoka Malaba mpaka Kampala bila kutoka kitandani. Naona Mwamba wa Tororo, naona msitu wa Busitema, malori yaliyoegeshwa Naluwerere, miwa ya Kakira, nyaya za daraja jipya la Jinja zilivyonyooka juu ya Nile. Nikifika Najjembe naona vijana wanavyokimbilia dirisha na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, kila mmoja na namba yake kifuani. Kisha kivuli cha Mabira. Watu wa namna hii nao wamehesabiwa. Uchunguzi uliofanywa nchi za nje unaonyesha kwamba katika watu 100, kama 4 hivi wana picha hafifu mno au hawana kabisa, na kama 3 wanaona kwa nguvu kupita kiasi. Waliobaki wako kati, kila mtu na kiwango chake. Ukumbi wenu wa mihadhara ukijaa wanafunzi 200, basi kwa hesabu hiyo wako kama 8 walio kama wewe au karibu na hapo, na huenda wengi wao hawajijui.

Sasa nikukumbushe jambo. Ulipokuwa shule ya msingi, likizo nilikuwa nakuchukua kwenye lori. Unakaa katikati, mimi na tanboi, msaidizi wangu wa lori, pembeni, na kabla hatujafika kwenye kona unasema, "Baba, mbele kuna mteremko halafu msikiti mkono wa kushoto." Hukukosea. Tanboi alikuuliza unajuaje, ukasema, "Najua tu." Nimelifikiria sana neno hilo wiki hii. Wewe barabara hukuiona kichwani, uliijua. Na kumbe wataalamu wamelipima hili. Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2021, waliwaonyesha watu picha za vyumba, kisha wakawaambia wazichore kwa kukumbuka. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi, na rangi chache. Lakini kila kitu walichokichora walikiweka mahali pake sawa na wenzao. Tena, hapa usome polepole, walikuwa na makosa machache zaidi: wale wanaoona picha ndio waliochora zaidi vitu ambavyo havikuwemo chumbani.

Hilo la mwisho tulilishuhudia nyumbani. Unakumbuka siku tulipokuwa tunatafuta gomesi, lile vazi la heshima, ya kumvisha mama yako kabla ya mazishi? Shangazi yako aliapa kwamba ile aliyoivaa siku ya utambulisho wetu ilikuwa ya buluu, anaiona mbele ya macho yake. Mama yako mdogo naye akaapa ni ya kijani, naye anaiona. Wewe ukasema kwa upole kwamba ni ya zambarau, mkanda wa njano, mama alikuambia alipokuwa anaikunja. Sanduku lilipofunguliwa, ikatoka ya zambarau. Walioiona walipotea. Aliyemsikiliza mama yake hakupotea. Kwa hiyo mtu asikutishe na hizo picha za kichwani, eti ndizo kipimo cha kumbukumbu. Hata mapenzi hayapimwi hivyo. Mwenye katochi, simu ndogo ya vitufe, na mwenye simu kubwa wote hupata habari ya msiba, na hakuna atakayesema mwenye katochi hakufiwa kwa sababu simu yake haionyeshi picha.

Umeuliza kwa nini basi wenzako walilia na wewe hukulia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney, kundi la Joel Pearson, waliwapa watu hadithi za kutisha wasome gizani, mfano uko baharini na papa anakujia, huku wakipima jasho la vidole vyao. Wenye picha kichwani jasho liliwapanda. Wenye afantasia halikupanda, lilitulia palepale. Kisha wakawaonyesha makundi yote mawili picha za kutisha zenyewe, kwa macho. Hapo wote wakashtuka karibu sawasawa. Utafiti huo ni wa 2021. Umeelewa maana yake? Woga wako upo na huzuni yako ipo, nzima kabisa. Kilichokosekana ni ile picha ya kichwani inayowafanya wengine walie wakiambiwa tu "fikirieni". Wewe huwezi kulizwa kwa maagizo. Lakini mimi nilikuona siku ulipoikuta leso yake nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikuona pia makaburini. Hakuna mtu atakayekuja kuniambia mimi kuhusu moyo wako.

Na usidhani wanaoona wana raha. Ninapomkumbuka mama yako sichagui picha. Nataka kumwona anakoroga ugali wa wimbi akicheka, inakuja ile ya wodini, mpira wa dripu, midomo imekauka. Naiona rangi ya shuka. Kuna usiku nautafuta usingizi lakini picha inaingia. Kama ningeweza kumkumbuka kwa namna yako, kwa kujua tu, bila ile wodi kunirudia, kuna siku ningelikubali hilo kwa mikono miwili. Sikuambii hivi ili unihurumie. Nataka ujue kwamba huzuni huingia kwa kila mtu kwa njia yake, na yako si ndogo.

Sitakudanganya kwamba hakuna unachokosa. Nimesoma kwamba wengi wenye afantasia husema matukio ya maisha yao wenyewe huwapotea mapema, hubaki na habari yenyewe bila ile hali ya kuwa pale. Ndiyo maana nakuomba uandike. Nunua daftari, andika kila unachokijua kuhusu mama yako, hata kidogo: kwamba alitia chumvi mara mbili, kwamba alikataa kupanda boda usiku, kwamba aliposalimu watu wa kwao alisema "yoga noi", salamu ya Kiteso, akilivuta lile neno la mwisho. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kwa sababu mimi Msamia na yeye Mteso, lakini salamu hiyo hakuiacha. Na hapa nina swali. Sauti yake unaisikia kichwani? Kuna wenye afantasia wasioona ila wanasikia, na kuna ambao hata sauti na harufu haziji. Niambie uko wapi. Jingine ni ndoto: wengi wao huota kwa picha ingawa wakiwa macho hawana. Kama umewahi kumwota, niambie alikuwaje. Nauliza kwa sababu nataka kukujua vizuri, si kwa udadisi.

Kuhusu kuacha masomo ya usanifu majengo, hapana. Umesema msanifu asiyeona nyumba kichwani ni sawa na hakuna. Ed Catmull, aliyekuwa rais wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni inayojulikana dunia nzima, ana afantasia. Alipowauliza wafanyakazi wenzake, akagundua kwamba hata Glen Keane, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni Marekani, naye haoni picha kichwani. Anachora, anatazama alichochora, anarekebisha, mpaka kiwe. Mkono na karatasi ndivyo vinavyomwonyesha. Na wewe umechora tangu mdogo, ukutani kwangu bado kuna michoro yako ya makaa. Wakikuambia "ifikirie kwanza", wewe ichore kwanza. Mweleze mwalimu wako wa michoro waziwazi, na akiona ni kisingizio, mwonyeshe kazi.

Nimechapisha picha za mama yako pale studio ya mjini, zile za Krismasi ya mwisho na ile ya gomesi, kubwa, za kutundika. Pia nimekusanya sauti zote alizokuwa ananitumia kwenye WhatsApp nikiwa safarini, nikaziweka kwenye flashi. Nyingi ni za kuniuliza nimefika wapi na nimekula nini. Mojawapo unasikika wewe nyuma yake ukibishana na mdogo wako kuhusu sahani. Zisikilize ukiwa umetulia, na mwenzako wa chumbani awepo.

Kuhusu kile kikao, usirudi kama hutaki. Ukitaka kurudi, rudi, na wakisema fumbeni macho, wewe yafumbue utazame picha ya mama yako mkononi. Hakuna sheria iliyosema huzuni ni lazima ifumbe macho.

Alhamisi, Mungu akipenda, nitapita Kampala na mzigo wa Mbarara. Sitaweza kuingia mpaka kwenye hosteli na tela hili, kwa hiyo nitakupigia nikifika Mukono, uje tukutane barabarani. Nitakuwa na picha, flashi, na kilo chache za unga wa wimbi kutoka kwa mama yako mdogo. Njoo na majibu ya yale maswali mawili, la sauti na la ndoto.

Baba yako