Barua ya wazi kwa wapanda baiskeli wa Jumamosi: msimwache wa mwisho

Wadogo zangu na wanangu mnaokutana Mkwakwani, hapa Tanga, alfajiri,

Amani iwe kwenu. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani na chai yangu mlipopita. Wa mbele walikuwa watano, wameinamia usukani, hakuna anayesema na mwenzake. Wakafuata wengine wawili watatu, wametawanyika. Chai yangu ilishapoa ndipo akatokea mama mmoja wa kundi lenu, peke yake, anaikokota baiskeli kwa mkono, tairi la nyuma halina upepo. Nikamwita, nikampa kiti na maji. Akaniambia, "Shangazi, naona mambo haya si ya umri wangu tena." Mama huyo ana miaka 46. Maneno yake sikulala nayo vizuri, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Wengi wenu mnanijua kwa kazi yangu. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 34, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa kliniki ya presha na kisukari. Baiskeli nilijifunza nikiwa na miaka 49, presha yangu mwenyewe imeshapanda, binti yangu wa mwisho ananishikia kiti kwa nyuma kwenye uwanja wa shule. Sasa nina miaka 70 na bado naenda Raskazone na kurudi mara nne kwa wiki. Kwa hiyo nawaandikia kama mtu aliyepita njia hiyohiyo, na kama mtu aliyewapima watu wa rika lenu kila siku ya kazi.

Ninalowaomba ni hili: mwendo wa kundi uwe mwendo wa yule wa mwisho. Siwaombi mumhurumie. Nawaambia kwamba mwendo huo ndio unaowajenga hata ninyi mlio mbele.

Mtu wa miaka 45 aliyekaa ofisini au dukani miaka 20 akianza baiskeli, moyo na mapafu huitikia upesi. Wiki ya tatu au ya nne anaona kabisa kwamba hahemi kama mwanzo, na furaha inamwingia. Lakini kano zinazoshika misuli kwenye goti na kisigino zinajengeka polepole, zinataka miezi. Hapo katikati ndipo watu wengi wanapoumia: pumzi inamruhusu kukimbiza, goti halijawa tayari. Analazimisha wiki mbili, goti linavimba, anaiegemeza baiskeli ukutani, na mwaka mzima unapita. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na karibu wote walikuwa wale waliokuwa hodari ujanani, waliopanda baiskeli za Phoenix na Swala kwenda shule, wakadhani mwili unakumbuka kila kitu. Unakumbuka kusawazisha baiskeli, hilo kweli. Nguvu inaanza upya.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanyeni wenyewe: nusu saa, siku tano, mmeshatimiza. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini kuimba huwezi. Tanga kipimo hiki ni chepesi sana, maana hapa mtu hapiti bila kusalimiwa. Ukisalimiwa na mtu wa barazani ukashindwa kuitikia salamu kamili na kuulizia habari za nyumbani, punguza mwendo. Wale watano wa Jumamosi niliwasalimia. Aliyenijibu ni mmoja, kwa kichwa.

Mfaransa mmoja, Robert Marchand, alirudia baiskeli akiwa anakaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja kwa saa moja akamaliza kilomita 24 na robo. Akaendelea na mazoezi, na mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akarudi akamaliza karibu kilomita 27. Wataalamu waliompima kati ya miaka hiyo walikuta uwezo wa mwili wake kutumia hewa umeongezeka kwa asilimia 13, kwa mtu aliyepita miaka mia! Na katika mazoezi yake, sehemu nne kati ya tano zilikuwa za mwendo mwepesi. Sehemu moja tu ndiyo alijikaza. Ninyi mnataka zote tano ziwe za kujikaza, tena Jumamosi moja.

Sasa nizungumze kama nesi. Kabla ya Jumamosi ijayo kila mmoja akapime presha na sukari. Presha haina dalili ya kutegemea. Nimepima watu wana 180 juu na wamekuja kliniki kumsindikiza mgonjwa mwingine. Ukikutwa 140 kwa 90 au zaidi, ukarudia siku nyingine ukakuta hivyohivyo, kamwone daktari kwanza, kisha panda baiskeli. Baiskeli itakusaidia, lakini usiache dawa kwa kuwa unajisikia mwepesi. Wengine mnatumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, na kwenu zile saa za mkononi zinazohesabu mapigo zitawadanganya, kwa hiyo tumieni kipimo cha salamu. Mwenye kisukari anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyoweza kushusha sukari, asitoke na tumbo tupu, na awe na tende au vijiko viwili vya sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi asimame, ale hapohapo, na mwenzake asimwache. Na yeyote anayebanwa na kifua, uzito unaokwenda begani, mkononi au tayani, asiseme ni gesi. Ashuke, akae, apelekwe hospitali. Kwa akina mama wakati mwingine kifua hakiumi sana, inakuja kichefuchefu na uchovu usio na sababu. Mshughulikieni vilevile.

Kiti cha baiskeli nitakieleza kwa urefu, maana kilitaka kunitoa kabisa. Nilipoanza nilikuwa mwoga wa kuanguka, nikamwomba fundi akishushe kiti mpaka nyayo zangu zote mbili zikae chini. Akafanya kama nilivyotaka. Baada ya wiki tatu magoti yakaanza kuuma kwa mbele, juu ya kile kifuniko cha goti, hasa nikipanda ngazi. Nikajiambia ni uzee. Nikanunua dawa ya kuchua, nikapumzika siku kumi, nikarudi, yakauma tena. Siku moja tyubu ikatoboka, nikaingia kwa fundi mzee wa Ngamiani, amekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji. Alipomaliza kuziba pancha akaniambia nipande nizunguke mbele yake. Hakusema neno. Akanishusha, akafungua nati, akakivuta kiti juu vidole vinne. Niliogopa sana siku ile. Lakini maumivu yaliisha ndani ya wiki mbili na hayajarudi tena.

Kipimo chenyewe alinifundisha yeye. Mwenzako akushikie baiskeli, ukae kwenye kiti, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, ambako ndiko unakokanyagia, goti litakuwa limekunjika kidogo tu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kipo chini. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zinayumba huku na huku kama mtu anayecheza ngoma, kiti kimezidi kwenda juu. Ukisimama, utafikisha ncha za vidole chini, au utateremka mbele ya kiti. Hofu hiyo inaisha. Na vidole vya mkono vikifa ganzi, hasa cha mwisho na cha pili yake, unaegemea usukani mno. Hamisha mikono, legeza viwiko. Ganzi ya huko chini msiione aibu kuisema. Inukeni kwenye kiti kila baada ya dakika kumi, na kama haiishi, badilisheni kiti.

Gia. Baiskeli nyingi za mtumba mlizonunua zina gia, na naona mnaiweka ile nzito mkidhani ndiyo mazoezi. Gia nzito ni mzigo wa goti. Wekeni nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Hesabu goti moja linapopanda kwa sekunde 15. Likifika mara 18 au 20 uko pazuri. Na aliye na baiskeli ya gia moja asijione masikini mbele ya wenye gia. Mji wetu ni tambarare, wauza maziwa na wauza samaki wanaizunguka Tanga yote kwa gia moja na mzigo kwenye karia.

Kitu chetu kigumu si mlima, ni upepo. Mwezi huu kusi limeshika. Mkitoka na upepo mgongoni mtajiona wote mabingwa mpaka mgeuze, na hapo ndipo wa mwisho anapokatika. Tokeni mkiukabili upepo mkiwa na nguvu, mrudi unawasukuma. Kaskazi likiingia, geuzeni njia. Na anayekabili upepo mbele awe yule mwenye nguvu zaidi, wengine wajikinge nyuma yake. Huko ndiko kujikaza kwake, na ni mazoezi makali kuliko kukimbia peke yake.

Joto la hapa lina unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi kama wa mtu wa Lushoto. Kunyweni maji kabla hamjaona kiu, na ikifika saa 3 muwe mmesharudi. Ramadhani msiache kabisa: nusu saa ya mwendo mwepesi kabla ya magharibi, ukifika nyumbani unafuturu. Wenye kisukari waulize daktari kwanza.

Kuhusu uzito nitasema machache. Kitambi hakitaondoka kwa baiskeli peke yake ikiwa mkirudi mnashushia chapati nne na soda. Msijipime kwenye mizani kila wiki mkakata tamaa. Angalieni presha, usingizi, na kama mnapanda ngazi bila kushika ukuta.

Akina mama wenzangu, nina neno lenu. Mkishafika umri wa kukoma hedhi mifupa inapungua uimara, na baiskeli haiijengi sana, kwa sababu uzito wa mwili umebebwa na kiti. Ongezeni kutembea kwa miguu, na siku mbili kwa wiki mkae na kuinuka kwenye kiti mara kumi kumi, au mnyanyue madumu ya maji. Buibui lifungwe pembeni, ndani suruali, na cheni iwe na kifuniko chake. Nilishawahi kuangushwa na pindo la kanga lililoingia kwenye cheni, na kovu la kiwiko ninalo. Anayewaambia baiskeli si ya mwanamke mtu mzima hajaamka mapema akaona mji huu unavyokwenda sokoni.

Wote muwe na kofia ngumu. Taa nyekundu nyuma, kwa kuwa mnatoka giza halijaisha. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake kwenye barabara kubwa ya Segera, na msijaribu kushindana na bodaboda kwenye makutano. Breki zijaribiwe kabla ya kuondoka, sio mkiwa njiani.

Sasa nirudi kwa mama yule wa tairi. Kundi la watu 14 halikuwa na pampu hata moja nyuma. Pampu, viraka na gundi zote zilikuwa kwa waliotangulia, nao walikuwa wameshafika Amboni. Hili halihitaji fedha wala fundi. Mtu mmoja mwenye nguvu apangiwe kukaa nyuma kila safari, kwa zamu, na vifaa vyote awe navyo yeye. Kila kwenye njia panda wa mbele wasimame mpaka wamwone wa nyuma. Na akifika asiwakute mnaondoka; apewe naye dakika zake tano za kupumzika, kwani nimeona mara nyingi aliyechoka zaidi ndiye anayepumzika kidogo zaidi. Baada ya miezi mitatu, wenye hamu ya mbio wachague siku yao nyingine, Jumatano kwa mfano, wakimbizane wanavyotaka. Jumamosi ibaki ya wote.

Mama huyo nimeshazungumza naye. Tyubu imezibwa, kiti tumekipandisha vidole viwili, na amekubali kurudi. Jumamosi hii nitakuwa Mkwakwani saa 12 kasorobo, nina pampu na viraka. Mimi nitakaa nyuma naye. Wa zamu ya wiki inayofuata ajitaje mapema, nimkabidhi mfuko.

Shangazi yenu, nesi wa zamani,
Tanga