Iliyoliwa alumini ni Defender, siyo Reliance

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili juu ya Reliance, mashua iliyotetea Kombe la Amerika (mashindano ya mashua za matanga) mwaka 1903, imejadiliwa sana kwenye karakana za huku kwetu. Ila imechanganya mashua mbili. Mwandishi anasema Reliance ilivunjwa kwa sababu alumini yake ililiwa na maji ya bahari. Yaliyosemwa hapo yaliipata Defender, ya mwaka 1895. Mbunifu wa zote mbili ni mmoja, Nathanael Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, kwa hiyo kosa linaeleweka.

Defender ilikuwa na mataruma (mbavu) ya chuma, mabamba ya bronzi sehemu ya chini inayozama, na mabamba ya alumini juu ya maji. Herreshoff alitaka wepesi juu na ulaini chini, kwani bronzi ikisuguliwa hung'aa na haishikwi haraka na magugu na kombe. Wepesi aliupata. Lakini metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi umeshatengeneza betri. Kati ya alumini na bronzi tofauti hukaribia nusu volti, na inayoliwa ni alumini. Mashua ilishinda mwaka wake, ikafanyiwa matengenezo 1899 ili iwape mazoezi waliokuwa na mashua mpya, na 1901 ikavunjwa.

Reliance ilijengwa kwa akili ya mtu aliyekwishaungua. Mwili wote ulivikwa bronzi ya Tobin (shaba nyekundu kama asilimia 60, zinki 39, stani kidogo) juu ya mataruma ya chuma chenye nikeli. Alumini ilibaki kwenye sitaha, nayo ikafunikwa kwa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo). Iliuzwa kama chakavu mwaka 1913. Ilikuwa imeshindana msimu mmoja tu, na kuiendesha kulihitaji watu zaidi ya 60. Nani angeilisha?

Jambo la pili ni zile "futi 90" mlizoandika kuwa urefu wa Reliance. Hizo ni urefu wa mstari wa maji mashua ikiwa imesimama wima bandarini. Mwili wenyewe ulikuwa futi 144, karibu mita 44, na kutoka ncha ya mbele hadi mwisho wa boriti la tanga kuu ni futi 201. Kanuni ya wakati ule ya kupima mashua za mbio ili ndogo ipewe nafuu ya muda, ya klabu ya Seawanhaka, ilisema hivi: chukua urefu wa mstari wa maji, jumlisha na kipeuo cha pili cha eneo la matanga, gawanya kwa mbili. Reliance ilikuwa na matanga ya futi za mraba 16,160. Kipeuo chake ni 127. Jumlisha na mstari wa maji, 89.7 kamili, gawanya, unapata 108 na ushee. Angalia kisichokuwemo: uzito haumo, wala urefu wa omo na tezi (ncha za mbele na nyuma) zinazoning'inia nje ya maji. Herreshoff akazirefusha hizo. Upepo ukiilaza mashua, omo na tezi zinaingia majini na mstari wa maji unafika kama futi 130. Kasi ya mashua ya aina hii hubanwa na urefu huo: kipeuo cha futi ukizidisha kwa 1.34 unapata noti (maili za baharini kwa saa). Kwa futi 90 ni karibu 12.7, kwa 130 ni zaidi ya 15. Noti mbili na nusu za bure, kwa kuinama tu! Mpinzani wake, Shamrock III ya Thomas Lipton, yule wa majani ya chai, ilikuwa na matanga madogo, hivyo ikapewa nafuu ya karibu dakika mbili, na bado ikafungwa 3 kwa 0. Katika mbio ya mwisho ilipotea kwenye ukungu na haikuuona mstari wa kumalizia.

Tunarudi kwa Defender, kwa sababu kosa lake lipo Kyela na Itungi, kwenye Ziwa Nyasa, leo, kwenye boti za alumini zilizofungwa bolti za chuma cha pua na viungo vya shaba. Wengi husema Nyasa haina chumvi. Ni kweli maji ya bahari hupitisha umeme zaidi ya mara mia kuliko ya Nyasa, kwa hiyo ulaji huenda polepole. Lakini kwenye maji ya namna hii hujibana palepale kwenye kiungo: kiganja kimoja kutoka kwenye bolti bamba ni zima, chini ya washa (kile kiduara bapa cha bolti) kuna unga mweupe kama chokaa umeinua rangi, na ukichokonoa kwa bisibisi inapenya.

Washa ya mpira peke yake haitoshi, maana shina la bolti bado linagusa ukuta wa tundu. Toboa tundu lizidi bolti kwa milimita 2, vika bolti kibomba cha plastiki, kisha washa za plastiki pande zote mbili. Kabla ya kushusha boti, weka mita ya kupimia umeme kati ya bolti na bamba. Ikilia, bado vinagusana; fungua upya. Rangi ipakwe kwenye shaba pia, siyo kwenye alumini tu. Ukipaka alumini peke yake, mkwaruzo wa ukubwa wa ukucha unabeba mashambulizi ya shaba yote. Na kwa boti za chuma ziwani, acheni vipande vya zinki vinavyoletwa kutoka pwani, vile vya kufungwa ili viliwe badala ya chuma: kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujivika ngozi na kuacha kazi. Tumieni vipande vya metali ya magnesi, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa, na isipakwe rangi kabisa.

Mafundi wa vyuma na boti,
Mwanjelwa, Mbeya