YAH: Malalamiko kuhusu vidonge vya "kinga ya mionzi" mlivyowauzia watumishi wa eksirei

Mbeya,
Juni 2025

Meneja Mauzo,
(Jina la kampuni limehifadhiwa)

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumishi wa chumba cha eksirei katika kituo kimojawapo cha afya hapa jijini Mbeya. Mapema mwaka huu mwakilishi wenu alikuja kwetu akauza vidonge alivyosema vinamkinga mtumishi na saratani inayotokana na mionzi, akaelekeza kila mtu ameze kimoja kila siku kabla ya zamu. Wakati huo uongozi ulikuwa umetenga fedha za kununua aproni mpya za madini ya risasi na kola za shingoni za kuzuia mionzi, kwa sababu za zamani zimepasuka mikunjoni. Baada ya maelezo ya mwakilishi wenu, fedha hizo zikanunua vidonge. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Niliichukua boksi moja nikaikagua. Juu mmebandika karatasi yenu ya rangi yenye maneno makubwa kuhusu saratani. Nilipoibandua taratibu, chini yake nikakuta maandishi ya kiwanda: iodidi ya potasiamu, miligramu 130, kwa matumizi ya dharura ya nyuklia. Na kile kikaratasi kilichokunjwa ndani kinaeleza wazi kwamba dawa hii hulinda tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, peke yake, tena dhidi ya iodini yenye mionzi tu. Ukweli mlikuwa nao, mkaufunika.

Dawa yenyewe siilaumu. Tezi haitofautishi iodini salama na ile yenye mionzi. Ikishibishwa mapema ile salama, ile ya hatari hukosa nafasi na kutoka kwa mkojo. Ndiyo maana baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya Aprili 1986, Poland iliwapa iodini watoto zaidi ya milioni 10. Huko Belarus, Ukraine na Urusi, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati ule, wengi wao wakiwa wamekunywa maziwa yenye iodini ya mionzi, walikuja kupata saratani ya tezi. Mwakilishi wenu aliutaja sana mfano huo. Lakini chumbani kwetu iodini ya namna hiyo haipo. Mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi imekwisha hapo hapo. Miale humpiga mtu kutoka nje, ikapita kwenye tezi, kwenye matiti, kwenye uboho, na kidonge hakina cha kuzuia.

Nilipompigia simu kumweleza haya, alianza kunitajia dawa nyingine ili kunionyesha kwamba "sayansi ipo". Ipo, ila haisemi anachokisema yeye. Amifostini hudungwa mshipani hospitalini kabla ya tiba ya mionzi, kwa mfano kuokoa tezi za mate za mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, na inaweza kushusha shinikizo la damu na kuleta kichefuchefu kikali. Bluu ya Prusia huisaidia sesiamu yenye mionzi iliyoingia mwilini kutoka kwa choo, kama ilivyotumika kwenye ajali ya mionzi ya Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoidhinishwa kumezwa kila siku na mfanyakazi wa eksirei ili asipate saratani.

Sasa madhara. Nyanda hizi za Juu Kusini zina historia ndefu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo ya shingoni. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1980, kapsuli za mafuta ya iodini zilipogawiwa vijijini kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku. Kidonge chenu kimoja kina takriban miligramu 100, yaani zaidi ya mara 600. Mwenye rovu la siku nyingi, hasa lenye vinundu, akipewa kiasi hicho tezi yake inaweza kuanza kufanya kazi kupita kiasi. Ndivyo ilivyompata dada yetu mmoja wa mapokezi, mzaliwa wa Makete. Moyo ulimwenda mbio, akakonda, akawa anatokwa jasho katika baridi hii ya Mbeya, na mikono ikamtetemeka hadi akashindwa kuandika kadi za wagonjwa. Daktari amemsimamisha vidonge na sasa yuko kwenye matibabu. Mwakilishi wenu alimuuzia ana kwa ana bila kumuuliza lolote kuhusu shingo yake, na rovu lake linaonekana.

Jambo jingine linalonikosesha raha ni vijana wa mafunzo kwa vitendo. Nilimkuta mmoja amemshikilia mtoto mezani, tayari kwa picha ya kifua, naye hana aproni. Nilipomzuia akanijibu, "Mimi nimeshameza." Aproni yenye unene sawa na nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika chumbani. Kijana huyo aliiacha ukutani kwa sababu ya neno lenu.

Naomba mrudishe fedha zote za kituo ili zinunue vifaa vilivyokusudiwa, na mgharamie matibabu ya dada huyu. Pia muwaandikie wote mliowauzia vidonge hivi, hapa Mbeya na kokote mwakilishi wenu alikopita, mkiwaeleza kazi halisi ya dawa hiyo na kuwataka wenye rovu wasimeze tena na wamwone daktari mapema. Barua hiyo isisubiri mazungumzo ya fedha. Itoke wiki hii.

Nategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi wa eksirei,
Mbeya

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)
Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC)
Mganga Mfawidhi wa Kituo