Barua ya wazi kwa wajukuu wanaokulia miji midogo

Wajukuu zangu,

Nawasikia mkisema huko mliko hakuna kitu. Mji wenyewe ni barabara moja, jioni mkiupita mara mbili umekwisha, na kila mmoja anahesabu miaka iliyobaki aondoke. Hata mimi nilihesabu. Sasa nimeishi jiji kubwa miaka mingi kuliko niliyoishi katika mji ulionilea, ndiyo maana nawaandikia. Msiumalize utoto wenu kama abiria anayengoja basi.

Mna miguu iliyo huru. Mkitumwa mahali, mnakata nyuma ya nyumba za watu, mnaruka kijito, mnarudi kwa njia nyingine kwa sababu tu mmeiona. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia mchezo wa simu wa kutafuta njia, uliochezwa na watu karibu 400,000 wa nchi 38. Kwa wastani, waliokulia nje ya majiji walijua njia vizuri kuliko waliokulia ndani yake, hasa yale majiji ambayo mitaa yake imenyooka na kukatana kama mistari ya daftari. Sikushangaa. Vijia vyenu havina vibao, hivyo kichwa hulazimika kujichorea ramani. Semeni nyumbani mnakwenda wapi, kisha mzunguke.

Na usiku mna anga. Ramani ya dunia ya mwanga wa taa iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, kutoka wanakoishi. Nilifanya kazi na mtu mzima, mzaliwa wa jiji, ambaye usiku wake wa kwanza mbali na taa aliniuliza lile wingu jeupe mbona halisogei. Nilimhurumia sana. Nyinyi mnafungua mlango tu na kuinua uso. Kitafuteni Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho jina lake limetoka kwenye kulima.

Najua kinachowaudhi zaidi: kujulikana. Nikiwa na miaka tisa nilivunja kioo cha dirisha la watu kwa jiwe, na habari ikafika nyumbani kabla yangu. Nilikasirika, nikaapa kwamba nikikua nitahamia mahali ambapo hakuna anayenijua. Mwaka uliofuata mama aliugua, akalala muda mrefu. Wale wale waliopeleka habari ya kioo ndio waliokuja bila kuitwa. Mmoja alitufulia, mwingine alinisimamia nimalize kazi ya shule, na bibi mmoja ambaye hata jina lake sikulijua alikuwa akifika alfajiri kuuliza tumeamkaje. Baadaye nilipata nilichoapa. Jijini nilikaa miaka mitatu ukuta kwa ukuta na jirani ambaye nilimtambua kwa kikohozi chake tu.

Sitawaficha kwamba macho ya mji mdogo huumiza pia. Mtu akikudhuru na wengine wakataka yanyamaziwe ili jina la familia lisichafuke, usinyamaze. Mtafute mtu mzima unayemwamini umweleze, na asipokusikia, mweleze mwingine.

Wengi wenu mtaondoka, na sina neno la kuwazuia. Masomo yataita, kazi itaita. Ninachoomba ni jioni moja kabla hamjafunga mizigo. Mwombe mzee kuliko wote atakayekubali, mtembee naye ile barabara moja, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kila nyumba muulize nani aliijenga, nani alizaliwa humo, mti ule ulipandwa na nani. Beba daftari, uandike majina yote. Na umfuate kwa mwendo wake, hata giza likiwakuta njiani.

Babu yenu